Kazi kubwa ya figo ni kurudisha

Ukimuuliza mtu figo inafanya kazi gani, atakwambia inachuja uchafu kwenye damu. Hajakosea, lakini ametaja sehemu ndogo tu ya kazi yenyewe, na sehemu aliyoiacha ndiyo inayoeleza karibu kila kitu kinachompata mgonjwa wa figo. Anayeiona figo kama chujio ataamini kwa urahisi kwamba nayo huziba taka na inahitaji kuoshwa. Ndiyo maana chupa za dawa za "kusafisha figo" hazikosi wateja, kuanzia stendi za mabasi hadi kwenye magrupu ya WhatsApp.

Figo haipiti ikiokota uchafu kwenye damu. Inaanza kwa kutoa nje karibu kila kitu kidogo kilichoyeyuka humo, kizuri kwa kibaya: maji, chumvi, sukari, asidi amino, urea, mabaki ya dawa. Kisha inavirudisha vile ambavyo mwili unavihitaji, kwa kipimo ambacho mwili unakitaka saa hiyo. Kisichorudishwa ndicho mkojo. Tukilishika jambo hili, tutaelewa kwa nini miguu ya mgonjwa inavimba, kwa nini anapungukiwa damu ilhali havuji damu popote, na kwa nini daktari anamkataza dafu.

Lita 180 kwa siku

Figo zimekaa nyuma kabisa ya tumbo, zikiegemea misuli ya mgongo chini ya mbavu za mwisho. Ya kulia iko chini kidogo kuliko ya kushoto kwa sababu ini limeshika nafasi ya juu yake. Kila moja ina urefu wa sentimita 10 hadi 12 na uzito wa gramu 150 hivi. Zote mbili hazifikii nusu ya asilimia 1 ya uzito wa mtu mzima, ila moyo unazipelekea karibu moja ya tano ya damu yote unayoisukuma, kiasi cha lita 1 au zaidi kila dakika. Wingi huo si wa kuzilisha figo zenyewe. Damu inapelekwa huko ikakaguliwe.

Kazi inafanyika ndani ya nefroni, ambazo ni kiasi cha milioni 1 katika kila figo. Nefroni inaanzia kwenye kifundo cha mishipa myembamba ya damu kinachoitwa glomeruli, kilichozungukwa na kikombe, na kwenye kikombe hicho unatoka mrija mmoja mrefu wenye kona nyingi. Marcello Malpighi wa Italia alivieleza vifundo hivyo mwaka 1666 baada ya kuviona kwa hadubini, lakini ni mwaka 1842 ndipo William Bowman, daktari wa London, alipoonyesha kwamba kikombe na mrija vimeungana. Mtoto akishazaliwa, mwili wake hautengenezi nefroni mpya. Alizozaliwa nazo ndizo atakazozeeka nazo, na nyingine zitamfia njiani.

Glomeruli ina jambo moja la pekee ambalo inafaa tuliangalie kwa karibu, maana ndilo linaloeleza magonjwa mengi na dawa nyingi. Kwingineko mwilini, mishipa myembamba hupokea damu kutoka kwenye ateri ndogo na kuipeleka kwenye vena. Glomeruli ina ateri ndogo ya kuingilia na ateri ndogo nyingine ya kutokea, na zote mbili zina misuli ya kujibana na kujiachia. Ya kutokea ikijibana, shinikizo ndani ya kifundo linapanda. Ya kuingilia ikijibana, linashuka. Kwa njia hiyo figo inaweza kulitunza shinikizo lake la ndani hata presha ya mwili inapopanda na kushuka, uwe umelala au unapanda ngazi.

Shinikizo hilo ndilo linaloyakamua majimaji kutoka kwenye damu. Yanapita tabaka tatu: ukuta wa mshipa wenye matundu, utando wa nyuzi za protini, na mwisho seli ziitwazo podositi, ambazo vidole vyake vimepishana na kuacha mianya myembamba mno. Chembe za damu hazipiti. Protini kubwa hazipiti. Albumini, ambayo kwa ukubwa wake iko karibu na mpaka, karibu yote inabaki upande wa damu. Vingine vidogo vyote vinavuka.

Kwa mtu mzima mwenye afya, majimaji yanayovuka ni kama mililita 125 kwa dakika, yaani lita 180 kwa siku, karibu pipa zima. Plazma, ile sehemu ya majimaji ya damu, ni lita 3 tu mwili mzima. Maana yake plazma hiyohiyo inachujwa karibu mara 60 kwa siku, na kama kusingekuwa na kurudisha, ingekwisha ndani ya dakika 25. Sisi tunakojoa lita 1 hadi 2. Zote zilizobaki zimerudi kwenye damu.

Kwa nini figo ijitwishe kazi kubwa namna hiyo ya kumwaga na kuzoa? Hapa ndipo ninapouona uzuri wake. Kiungo kinachotafuta uchafu kingelazimika kuujua kila uchafu kwa sura yake. Figo haina haja ya kuijua sumu. Inachotakiwa kujua ni vitu vichache ambavyo mwili unavitaka, na kuvijengea milango ya kurudi. Kemikali inayoyeyuka kwenye maji, hata kama imebuniwa mwaka jana na hakuna binadamu aliyewahi kuila, ikikosa mlango itaishia kwenye mkojo. Seli za mrija nazo zinaongezea juhudi: zipo dawa na asidi ambazo zinazivuta moja kwa moja kutoka kwenye damu na kuzisukumia kwenye mkojo, penisilini ikiwa mojawapo.

Safari ya ndani ya mrija

Sehemu ya kwanza ya mrija ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Hapo hurudi theluthi mbili ya maji na chumvi, karibu asidi amino zote, na sukari yote. Sukari inayochujwa kwa siku ni gramu 160 hadi 180, na kwa mtu mwenye afya haionekani kabisa kwenye kipimo cha mkojo. Inarudishwa na protini maalumu zilizopachikwa kwenye seli za mrija, hasa ile iitwayo SGLT2. Protini hizo zina idadi yake. Sukari ya damu ikipita milimoli 10 kwa lita, zinaanza kuzidiwa, na sukari inayosalia inateremka na mkojo ikivuta maji. Ndiyo sababu mwenye kisukari kisichodhibitiwa anakwenda chooni kila mara na kiu yake haikatiki, na ndiyo sababu watu wa zamani waliona sisimizi wamejazana pale mgonjwa alipokojoa.

Baada ya hapo mrija unazama kuelekea kiini cha figo, unakata kona kali na kupanda tena. Kona hiyo ina jina la Jakob Henle, Mjerumani aliyeieleza mwaka 1862. Upande unaoteremka unaruhusu maji kutoka. Upande unaopanda hauachii maji hata tone, ila unasukuma chumvi nje kwa nguvu. Chumvi inayosukumwa upande mmoja inavuta maji kutoka upande wa pili, kwa hiyo majimaji yanafika konani yakiwa makali zaidi, yaani yamekolea chumvi, na chumvi ya kusukuma inakuwa nyingi zaidi. Hali hiyo ikijirudia bila kukoma, na urea ikiongezeka humo, kiini cha figo kinakuwa na ukali wa karibu mara nne ya ule wa damu.

Faida yake inaonekana mwishoni mwa safari, kwa sababu mirija ya kukusanyia mkojo inapita tena katikati ya kiini hicho kabla ya kutoka. Ubongo ukihisi kwamba damu imekolea, unatoa homoni ya vasopresini, na homoni hiyo inaziamuru seli za mirija hiyo zifungue njia za maji ziitwazo akwaporini. Ugunduzi wa njia hizo ulimpatia Peter Agre wa Marekani Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003. Zikifunguka, ukali wa kiini unayavuta maji na kuyarudisha kwenye damu. Mkojo unaobaki ni kidogo na wa rangi nzito, ule anaoujua kila aliyefunga Ramadhani kwenye joto la Tanga au Mombasa inapokaribia magharibi. Akishafuturu na kunywa maji ya kutosha, vasopresini inashuka, njia zinafungwa, na mkojo unatoka mwingi, mweupe. Pombe inaizima vasopresini hata pale mwili unapokuwa na upungufu wa maji, na mnywaji anaamka koo limekauka.

Uwezo huo una mpaka wake, na watu wa bahari wanaujua. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, kiasi ambacho figo ya binadamu haiwezi kukitoa kwa lita moja ya mkojo. Mvuvi aliyepotea baharini akinywa maji hayo, itambidi atumie maji mengi kuliko aliyokunywa ili kuiondoa chumvi yake, na ya kujazia yatatoka mwilini mwake.

Kiini chenye ukali namna hiyo kina gharama. Damu inayopita humo lazima iwe kidogo na iende polepole, la sivyo ingekiosha ukali wake wote, na kwa hiyo oksijeni humo ni haba. Kwa mtoto mwenye selimundu (sikoseli) hayo ndiyo mazingira mabaya kuliko yote. Chembe zake nyekundu zinajikunja humo, zinaziba vimishipa, na sehemu hiyo ya figo inaharibika kidogo kidogo tangu utotoni. Anapoteza uwezo wa kukaza mkojo, yaani kuukolesha kwa kuyarudisha maji. Anakojoa mwingi mchana na usiku, anaishiwa maji haraka akipata homa au akiharisha, na anaweza kuendelea kukojoa kitandani akiwa na miaka 10 au zaidi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, na inaniuma kufikiria ni wangapi kati yao wamechapwa au kuaibishwa mbele ya wenzao kwa sababu ya godoro lililolowa. Mtoto huyo si mvivu wala si mkaidi. Figo yake haiwezi kuyarudisha maji usiku. Na kumnyima maji ya kunywa jioni ili asikojoe ni kumtafutia balaa, kwa kuwa upungufu wa maji unaweza kumwamshia yale maumivu makali ya selimundu.

Mrija unaporudi kwao

Kati ya kona ya Henle na mirija ya kukusanyia kuna kituo ambacho sijaacha kukistaajabia. Kila mrija, baada ya kuzama na kupanda, unarudi kuigusa glomeruli yake yenyewe, ile ulikoanzia, kati ya ateri ya kuingilia na ya kutokea. Hapo kuna seli zinazoonja chumvi ya majimaji yanayopita. Chumvi ikiwa nyingi, hiyo ni dalili kwamba yamechujwa mengi kuliko mrija ulivyoweza kuyarudisha, na ateri ya kuingilia inabanwa. Chumvi ikiwa kidogo, ateri inaachiwa, na seli jirani zinamwaga renini kwenye damu.

Renini iligunduliwa na Robert Tigerstedt na Per Bergman mjini Stockholm na kutangazwa mwaka 1898, baada ya kuwadunga sungura majimaji yaliyotokana na figo na kuona presha yao inapanda. Leo tunaujua mfuatano wote. Renini inaanzisha utengenezaji wa angiotensini, ambayo inakamilishwa hasa kwenye mapafu. Angiotensini inabana mishipa ya damu na kuziamuru tezi zilizokaa juu ya figo zitoe aldosteroni, na aldosteroni inaufanya mrija urudishe sodiamu na kutoa potasiamu. Sodiamu ikirudi, maji yanaifuata, na presha inapanda. Figo, basi, ndiyo inayoshika usukani wa presha kwa muda mrefu. Ikiugua, presha inapanda, na presha ikipanda inazidi kuiumiza figo. Wapo wagonjwa wengi waliozama kwenye mzunguko huo na hata daktari hawezi tena kusema kipi kilitangulia.

Potasiamu inahitaji neno lake. Kwenye damu inatakiwa ibaki kati ya milimoli 3.5 na 5 kwa lita, kwa sababu mapigo ya moyo yanategemea kipimo hicho. Chakula chetu kina potasiamu tele: ndizi, viazi, parachichi, mchicha, nyanya, na hata maji ya dafu. Mwenye figo nzima akinywa madafu mawili, ziada inatoka kwenye mkojo baada ya saa chache na hajui kitu. Aliyepoteza figo hana njia hiyo. Potasiamu inajazana, mapigo yanavurugika, na moyo unaweza kusimama ghafla. Ndiyo maana anakatazwa dafu, na ndiyo maana anaambiwa akate viazi na ndizi vipande vidogo, avichemshe kwa maji mengi, kisha ayamwage maji hayo kabla ya kuunga. Hata ile chumvi mbadala inayouzwa kwa wenye presha aiogope, kwani nyingi imetengenezwa kwa kloridi ya potasiamu.

Mizani ya asidi nitaipita haraka. Chakula, hasa chenye protini, kinaacha asidi mwilini ambayo haiwezi kutoka kwa pumzi. Figo inaitoa kwenye mkojo kwa msaada wa amonia inayotengenezwa na seli za mrija, na papo hapo inairudishia damu bikabonati, ili pH ya damu isitoke nje ya 7.35 na 7.45.

Kuna kazi mbili zisizohusu mkojo kabisa. Ndani ya figo zipo seli zinazohisi upungufu wa oksijeni na kutoa homoni ya erithropoietini, inayouagiza uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu. Figo zikifa, agizo hilo halitoki. Mgonjwa anapauka, anahema akitembea hatua chache, na vidonge vya madini ya chuma peke yake havimtoshi kwa sababu kilichokosekana ni homoni. Kazi ya pili ni kuikamilisha vitamini D. Ile tunayoipata kwa jua inapitia kwenye ini, kisha inakamilishwa na figo ndipo iweze kusaidia matumbo kufyonza kalsiamu. Bila figo, mtu aliyeishi maisha yake yote chini ya jua la ikweta anaweza kuwa na mifupa dhaifu.

Ateri mbili, dawa mbili

Turudi kwenye ateri ya kuingilia na ya kutokea, kwa sababu hapo ndipo mambo mengi ya dukani na kliniki yanapokutania.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinazuia kemikali za mwili zinazoitwa prostaglandini. Mtu mwenye afya, aliyekunywa maji ya kutosha, akizitumia siku mbili tatu mara nyingi hapati madhara. Lakini mwili unapokuwa na upungufu wa maji, prostaglandini ndizo zinazoiweka wazi ateri ya kuingilia. Ukizizuia wakati huo, ateri inabanwa, shinikizo la glomeruli linaporomoka, na uchujaji unaweza kusimama. Mfikirie mzee mwenye presha, anayetumia dawa ya kuongeza mkojo, ameharisha tangu jana, na magoti yanamuuma. Ananunua diklofenaki dukani bila cheti, maana anauziwa tu. Kila dawa ina sababu yake, ila kwa pamoja, siku hiyo, zinaweza kuziangusha figo zake. Ninaandika haya nikitamani muuza dawa amuulize mteja maswali mawili kabla ya kumpa diklofenaki: una presha au shida ya figo, na umeharisha au kutapika?

Kaptoprili, enalaprili na losartani, ambazo ni dawa za presha, zinafanya kazi upande wa pili. Zinazuia angiotensini, ambayo ndiyo inayoibana ateri ya kutokea. Ateri hiyo ikiachiwa, shinikizo la glomeruli linashuka kidogo, na mianya ya podositi inapumzika. Kipimo cha figo kinaweza kuonekana kimeshuka kidogo wiki za mwanzo, na wagonjwa wengine wakishtuka wanaziacha. Hilo linapaswa kuamuliwa na daktari anayefuatilia vipimo, kwa sababu kushuka kidogo mwanzoni mara nyingi ni ishara kwamba dawa imeupunguza mzigo uliokuwa ukiziua nefroni.

Kisukari kinaharibu figo kwa njia ambayo sasa tunaweza kuifuata hatua kwa hatua. Sukari inapokuwa nyingi, SGLT2 inarudisha sukari nyingi pamoja na sodiamu. Majimaji yanafika kwenye kile kituo cha kuonja yakiwa na chumvi kidogo, seli zinadhani yamechujwa machache mno, na ateri ya kuingilia inaachiwa. Shinikizo la glomeruli linapanda na kubaki juu kwa miaka. Mwanzoni figo inachuja kupita kiasi, na kipimo kinaweza hata kuonekana kizuri kuliko kawaida, huku podositi zikichakaa. Mwaka 1835 kwenye gome la mti wa tofaa ilipatikana kemikali iitwayo florizini, ambayo baadaye ilijulikana kuwa inatoa sukari kwenye mkojo kwa kuziba protini hizo za kurudisha. Karne na zaidi baadaye wanasayansi walitengeneza dawa za jamii hiyo kwa ajili ya kushusha sukari, kisha wakagundua kwamba zinalinda figo, hata za baadhi ya watu wasio na kisukari. Kwa kuifanya figo irudishe kidogo, zinakirudishia kituo kile ladha sahihi ya chumvi, na ateri inajibana inavyotakiwa.

Na zile chupa za kusafisha figo? Mrija unaorudisha maji na kukaza kila kinachopita ndio pia unaokutana na kila sumu ikiwa imekolea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya mitishamba vya kupunguza uzito walipata ugonjwa mkali wa figo, na chanzo kikawa mmea wa jamii ya aristolokia uliokuwa umechanganywa humo. Si kila mmea ni sumu, lakini mchanganyiko usiojulikana una nini ndani haufai kupitishwa kwenye mirija ambayo haizaliwi upya. Maji nayo hayaisuuzi figo. Yanasaidia sana kwa mwenye mawe ya figo na kwa anayefanya kazi juani, na mwenye afya afuate kiu yake. Aliyeambiwa na daktari apunguze maji, apunguze.

Kwa nini hutajua

Mtu anaweza kuishi vizuri kwa figo moja, na kwa sababu hiyohiyo anaweza kupoteza nusu ya nefroni zake bila kuhisi lolote. Zilizobaki zinachukua zamu za zilizokufa, zinachuja kwa nguvu zaidi, na kwa kufanya hivyo zinachakaa mapema. Maumivu ya mgongo ambayo wengi huyatilia shaka mara nyingi ni ya misuli. Figo inayokufa kwa kisukari au presha haiumi.

Dalili zinazoonekana huja kwa kuchelewa. Protini ikianza kuvuja, mkojo unatoa povu jingi lisiloisha haraka. Sodiamu na maji yakibaki mwilini, miguu inavimba: bonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa mbele wa mguu kwa sekunde chache, ukikitoa shimo linabaki.

Vipimo viwili vinaweza kuligundua tatizo miaka mingi kabla ya hapo. Cha kwanza ni kreatinini ya damu. Hii inatoka kwenye misuli kila siku kwa kiasi kilekile, inachujwa na karibu hairudishwi kabisa, kwa hiyo inaeleza vizuri uchujaji ulivyo. Ikipanda kutoka maikromoli 80 hadi 160 kwa lita na kubaki hapo, uchujaji umeshuka karibu nusu. Tatizo ni kwamba bibi mwembamba mwenye misuli midogo anaweza kuwa na kreatinini inayoonekana ya kawaida ilhali figo zimeshuka, ndiyo maana maabara hukokotoa kiwango cha uchujaji kwa kuzingatia umri na jinsia. Kiwango kikiwa chini ya mililita 60 kwa dakika kwa zaidi ya miezi 3, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Chini ya 15, figo zimeshindwa. Cha pili ni albumini kwenye mkojo. Kile kijiti kinachochovywa kwenye mkojo kina kisanduku cha protini kinachogeuka kutoka njano kuwa kijani, lakini hakioni albumini kidogo ya mwanzo, na mwenye kisukari anapaswa kuomba kipimo cha maabara kinacholinganisha albumini na kreatinini. Mwenye kisukari au presha apimwe vyote viwili kila mwaka.

Mashine na figo ya ndugu

Willem Kolff, daktari wa Uholanzi, alitengeneza mashine ya kusafisha damu mjini Kampen wakati nchi yake ikiwa chini ya Wajerumani, akitumia selofani iliyokuwa ikitumika kutengenezea soseji. Alianza kuitumia kwa wagonjwa mwaka 1943, na mwaka 1945 mwanamke wa miaka 67 akawa wa kwanza kupona kwa msaada wake. Mashine za leo ni bora mno, lakini bado zinafanya ile nusu ya kwanza tu ya kazi. Zinatoa urea, potasiamu na maji ya ziada kwa saa 4, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, yaani saa 12 kati ya 168. Hazionji chumvi na kurekebisha mpigo kwa mpigo, hazitoi erithropoietini, hazikamilishi vitamini D. Ndiyo maana mgonjwa anachomwa sindano za homoni hiyo, anameza dawa za mifupa, na anahesabu vikombe vya maji kati ya safari moja na nyingine.

Figo iliyopandikizwa inafanya yote. Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa ulifanyika Boston tarehe 23 Desemba 1954, kati ya ndugu wawili mapacha, ukiongozwa na Joseph Murray. Tanzania ilifanya wa kwanza Novemba 2017 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, kwa kushirikiana na madaktari kutoka India. Neva za figo hiyo zimekatwa na haziunganishwi, lakini mishipa ya damu ikishashonwa, mara nyingi mkojo unaanza kutoka mgonjwa akiwa bado mezani. Hakuna anayeiambia irudishe nini. Inasoma damu inayopita na kusikiliza homoni zilizomo.

Aliyetoa naye anabaki na moja, ambayo ndani ya wiki chache inatanuka na kupandisha uchujaji hadi karibu asilimia 70 ya ule wa zote mbili za mwanzo. Anaendelea kula na kufanya kazi zake kama wengine, na mara moja kwa mwaka anapimwa presha, kreatinini na albumini ya mkojo.